Shangazi, nina pointi 41,000 za ndege lakini mke wangu anasema nimezinunua

Shangazi shikamoo,

Nakusoma miaka sasa ila sikuwahi kudhani na mimi nitakaa chini nikuandikie, lakini nilipofika sasa, nyumbani hatuelewani na kitu chenyewe ukikitaja mbele za watu utachekwa. Ni pointi. Pointi za kadi.

Iko hivi, miezi 14 iliyopita nilichukua kadi ya mkopo, ile ambayo ukitumia 1 unapata pointi 1 alafu pointi unazigeuza kuwa maili za ndege. Yule dada wa benki alinichorea kwenye karatasi akaniambia kaka, matumizi si unayo tayari, mafuta unaweka, bili unalipa, dukani unaenda, sasa kwa nini usipate na tiketi humo humo? Nikaona kweli. Na kulikuwa na bonasi ya kuanzia, ukitumia 6,000 ndani ya miezi mitatu ya kwanza unapewa pointi 20,000 zote kwa mpigo. Nikaipata, ingawa mwezi ule wa tatu ilibidi ninunue televisheni maana nilikuwa nimebakiza 700 kufika. Ya zamani ilikuwa inafanya kazi ila rangi zilishaanza kufifia kidogo.

Tangu hapo kila kitu ni kadi. Ofisini tukienda kula nawaambia wekeni pesa zenu mfukoni, mimi naswaipu, nyie nitumieni kwenye simu, na wananitumia vizuri tu. Hata kodi ya nyumba, mwenye nyumba hapokei kadi lakini kuna kampuni mtandaoni inamlipa yeye kwa benki alafu mimi inanikata kwenye kadi, kodi ni 600 na wao wanachukua 15 ya kwao, hiyo nimefanya miezi sita. Leo nina pointi 41,000 na kila nikifungua apu naona kale kanamba ka juu najisikia raha, nisikufiche.

Miezi tisa ijayo mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na nilimwahidi tutapanda ndege twende mahali bure. Juzi nimeingia kuangalia tiketi ya kwenda na kurudi, pointi 30,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo sisi wawili 60,000, alafu eti bado kuna kodi na ada za viwanja 140 kila mmoja natakiwa nilipe pesa taslimu! Tiketi hiyo hiyo ukinunua kawaida ni 500. Mke wangu akacheka akasema baba, hizo pointi hujapewa, umezinunua, na bei hata huijui. Tumenuniana siku tatu.

Shangazi, mke wangu anajua habari ya televisheni na hiyo 15 ya kodi ya nyumba. Asichojua ni kwamba kwenye kadi kuna deni la 2,400 ambalo halishuki, kila mwezi nalipa sehemu kubwa lakini hiyo inabaki pale pale, miezi saba sasa, na riba ni 3% kwa mwezi. Ada ya kadi ni 90 kwa mwaka.

Sasa naomba unisaidie. Benki imeleta ofa, ukihamisha pointi kwenda shirika la ndege kabla ya Ijumaa unaongezewa 25%, je nihamishe zote? Au nichukue kadi ya pili kwa ajili ya bonasi nimalizie zilizobaki? Apu pia inaniambia naweza kutumia pointi zote kupunguza deni, zinapunguza 205. Na je mke wangu ana haki ya kunicheka?

Mimi Msaka Maili

---

Marahaba mwanangu Msaka Maili.

Nianze na la mwisho, ndiyo, ana haki, na angekuwa na stetimenti yako mkononi angecheka hadi akae chini. Lakini usivunjike moyo maana hujafanya kitu ambacho wengine hawafanyi, na ukweli huo mchezo wenyewe si utapeli, kuna watu wanasafiri kwa pointi za matumizi ya nyumbani tu na hawajapoteza hata shilingi. Tofauti yao na wewe ni ndogo sana, nitakuonyesha. (Sarafu uliyotaja nimeitoa kwenye barua, namba zikibaki tupu kila msomaji atatia ya kwake, hesabu ni ile ile.)

Kwanza pointi inakuja vipi. Ukiswaipu dukani, mwenye duka hapokei pesa yote, anakatwa kipande, na sehemu ya hicho kipande inaenda kwa benki iliyokupa kadi. Hapo ndipo pointi zinapotoka, na kwingine zinakotoka ni kwenye riba ya watu kama wewe. Ndiyo maana kule Umoja wa Ulaya, walipoweka sheria mwaka 2015 kwamba hicho kipande kwa kadi za mkopo za watu wa kawaida kisizidi 0.3%, kadi za huko kwa pointi hazifui dafu mbele ya za Marekani ambako hakuna ukomo wa namna hiyo. Benki nayo inanunua maili kwa shirika la ndege kwa pesa halisi, na biashara hiyo si ya kitoto, American Airlines walianzisha programu yao ya maili, AAdvantage, mwaka 1981 ili abiria wasiwakimbie tu, lakini kufika 2020 United Airlines waliweza kuweka programu yao ya maili kuwa dhamana wakakopeshwa mabilioni ya dola. Kwa hiyo ukisikia pointi ni zawadi, jua kuna mtu kailipia, swali ni nani, na kwako wewe nimeshamjua.

Haya leta kalamu. Pointi yako ina thamani gani? Usisikilize tangazo, chukua bei ya tiketi kwa pesa, 500, toa zile 140 ambazo utalipa hata ukitumia pointi, inabaki 360, gawa kwa 30,000. Unapata 0.012. Yaani kila pointi ni 0.012 ya pesa yako, na kwa kuwa unapata pointi 1 kwa kila 1 unayotumia, basi kadi yako inakurudishia 1.2% ya matumizi. Si mbaya, lakini kuna kadi zinazorudisha pesa taslimu 1.5% bila kukusumbua na tarehe wala viti, na mtu aliyetumia 30,000 kwenye kadi ya hivyo angekuwa na 450 mkononi wakati wewe una tiketi iliyokuokolea 360. Hiyo hesabu watu wa maili hawapendi kuisikia.

Sasa 41,000 zako mara 0.012 ni 492. Huo ndio utajiri wako wote, mwanangu, kale kanamba kanakokupa raha.

Upande wa pili, riba. 2,400 kwa 3% ni 72 kila mwezi, miezi saba ni 504. Hapo tu pointi zimeshaisha. Ada ya mwaka umelipa mara mbili maana mwezi wa 13 umepita, 180. Kodi ya nyumba 15 mara sita, 90. Jumla 774 kwa kitu cha 492, na televisheni sijaigusa, hiyo nakuachia wewe na rangi zako zilizofifia. Kwa hiyo mkeo amesema umezinunua, mimi naongeza umezinunua ghali.

Alafu hapo kwenye riba nimekuhurumia, nimehesabu 2,400 peke yake. Kadi nyingi zinakupa siku kadhaa bila riba kati ya tarehe ya kufunga hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa, kwa kawaida kama wiki tatu hivi, lakini nafasi hiyo ni ya aliyelipa deni lote. Ukiacha hata kipande kinavuka mwezi, kadi nyingi zinakunyang'anya na manunuzi mapya yanaanza kula riba siku ile ile umeswaipu. Maana yake mafuta unayoweka leo ukijipongeza kwa pointi 40 yameshaanza kukatwa kabla hujafika nyumbani. Hebu soma masharti ya kadi yako uone yanasemaje hapo, naamini hujawahi kuyasoma, hakuna anayeyasoma.

Ile ya kodi ya nyumba imenichekesha kwa uchungu. Unalipa 15 kupata pointi 600 za ziada, ni 0.025 kila moja, na wewe na mimi tumeshaona thamani yake ni 0.012, yaani unanunua kwa zaidi ya mara mbili ya bei. Njia kama hiyo inafaa sehemu moja tu, kama unakimbizia bonasi ya kuanzia na umebakiza kidogo, hapo ungelipa kodi mwezi mmoja, kilichobaki ukamalizia na mafuta, ukapata zile 20,000 na televisheni ukaiacha dukani! Wewe umefanya kinyume, bonasi umenunulia televisheni alafu kodi ukailipia miezi sita wakati hakuna bonasi tena. Watu wamewahi kuwa wajanja zaidi, Marekani serikali ilikuwa inauza sarafu za dola moja mtandaoni na kuzisafirisha bure, watu wakawa wanazinunua kwa kadi maboksi kwa maboksi, zikifika wanazipeleka benki zikiwa hazijafunguliwa na kulipia kadi, maili zinabaki. Mwaka 2011 wakafungiwa kununua kwa kadi. Ujanja wa hivyo una siku zake, na ukijaribu wa kwako wa kutoa pesa ATM kwa kadi ya mkopo (najua umeshafikiria) kaa mbali, unatozwa ada hapo hapo, riba inaanza siku hiyo, na pointi kwa kawaida hupewi kabisa.

La ofisini ndilo nililokaa nalo muda mrefu zaidi kuliko yote. Kulipia wenzako si kosa, hata mimi ningefanya, ni pointi za pesa ambayo si yako. Lakini nikuulize, zile wanazokutumia kwenye simu zinaenda wapi? Hukuandika. Mimi nitakuandikia, zinaingia kwenye simu, zinaonekana kama umepata, unalipia hiki na kile na nauli na vocha, alafu mwisho wa mwezi bili ya chakula cha watu sita inakuja na wewe una pesa ya chakula cha mtu mmoja. Hiyo 2,400 isiyoshuka, nina hakika karibu yote imetoka hapo, si tamaa wala ufujaji, ni pesa iliyopita kwako ukadhani imefika. Kuanzia kesho ikiingia tu, kabla hujatoka mezani, ihamishie kwenye kadi. Apu inakubali malipo siku yoyote, si lazima usubiri tarehe.

Sasa maswali yako. Kadi ya pili hapana, si sasa, bonasi ya pili itataka utumie tena kiasi fulani ndani ya miezi mitatu na wewe kwenye ya kwanza bado unadaiwa, na ombi lenyewe linaingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Kupunguza deni kwa pointi pia hapana, 205 gawa kwa 41,000 ni 0.005, ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kuku, hata ukihesabu riba utakayookoa haikaribii.

Kuhamisha, hapa ndio pana maneno. Ukiongezewa 25%, 41,000 inakuwa 51,250, bado haifiki 60,000, kwa hiyo hiyo Ijumaa yao haikupi tiketi mbili hata ukeshe. Na ukishahamisha pointi kwenda kwa shirika la ndege huwa hazirudi benki, umefunga ndoa nao. Shirika likipandisha bei ya tiketi kesho asubuhi utafanya nini? Na wanapandisha, Delta, shirika la ndege la Marekani, mwaka 2015 waliondoa kabisa jedwali la bei za maili, toka hapo bei ni ile utakayoikuta siku ukiangalia, na wengine wakafuata. Pointi zilizo benki bado unaweza kuchagua uzipeleke wapi, zilizohamishwa zimeshachaguliwa. Kwa hiyo anayejua hii kazi anatafuta kiti kwanza, anakiona kwa macho, tarehe ndiyo hiyo, ndipo anahamisha kiasi kinachohitajika na si pointi moja zaidi.

Na usitafute kwa shirika moja tu. Mashirika yamejiunga vikundi, Star Alliance toka 1997, humo kuna Lufthansa, Turkish na Ethiopian, oneworld toka 1999 wako Qatar Airways na British Airways, SkyTeam toka 2000 ndio wako Air France, KLM na Kenya Airways, na maili za mmoja mara nyingi zinakatia tiketi ya ndege ya mwenzake. Kiti kile kile kinaweza kuwa na bei tofauti ya maili kutegemea unakikatia kwa programu ya nani, na zile kodi na ada zinatofautiana pia, kuna wanaokuongezea tozo ya mafuta hadi tiketi ya bure inakaribia kulingana na ya kununua. Mashirika mengi yanafungua viti miezi 11 hivi kabla, kwa hiyo miezi tisa yako iko ndani, usingoje, viti vya maili ni vichache na vinaondoka mapema, au vinabaki vya siku ambazo hakuna anayezitaka.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningeangalia kabla ya Ijumaa kama kuna kiti kimoja cha 30,000 tarehe mnazotaka. Kikiwepo ningewapigia shirika kuuliza pointi zikitoka benki yangu zinachukua muda gani kufika, maana pengine ni dakika pengine siku kadhaa na kiti hakikusubiri, alafu ningehamisha 24,000 tu. Pamoja na ile 25% zinakuwa 30,000 kamili, na thamani ya kila pointi inapanda hadi 0.015, ambayo ni nzuri. 17,000 zinabaki benki. Kiti kisipokuwepo, ofa iache ipite, ofa za hivyo hurudi. Kabla ya kukata tiketi uliza pia ukiahirisha safari maili zinarudi au zinapotea na wanakutoza ngapi, kila shirika lina lake.

Tiketi ya pili utainunua, 500, baada ya deni. Ukilipa 400 kila mwezi na kadi ukaifungia kabatini, deni linaisha mwezi wa saba, nimepiga hesabu mara mbili na riba yake ndani. Nasema kabatini, matumizi ya nyumbani rudi kwenye kadi ya debiti au pesa taslimu mpaka deni liishe, pointi utakazokosa kwa miezi hiyo ni chache kuliko unavyodhani. Deni likiisha itoe, weka malipo yajikate yenyewe deni lote kila mwezi, si kile kiasi cha chini wanachokuandikia, hicho wamekiweka kwa faida yao. Hapo kila pointi itakayoingia itakuwa ya bure kweli. Na ada ya 90 ikikaribia wapigie simu kabla, waambie unafikiria kuifunga, wakati mwingine wanaisamehe au wanakushusha kadi isiyo na ada, ila uliza kwanza pointi zilizobaki zinakuwaje ukifunga, kwa baadhi zinafutwa zote siku hiyo hiyo.

Kitu kidogo nilitaka kusahau, duka kwa benki ni tarakimu nne, kila mfanyabiashara ana namba inayosema anauza nini, kwa hiyo kadi ikikuahidi pointi mbili kwa mikahawa na wewe ukala mkahawa ulio ndani ya hoteli, inaweza kusomeka hoteli ukapata moja. Si wizi, ni namba. Usigombane na mhudumu.

Bado mkeo. Umekuwa unamwonyesha ukurasa wa pointi, na apu ina ukurasa mwingine pembeni yake. Mwonyeshe huo leo usiku kabla hujamwambia habari za kiti wala tarehe, akikasirika kaa kimya, ana haki ya siku tatu nyingine. Akimaliza mwambie tiketi ya pointi itaandikwa jina lake na hiyo ya 500 ndiyo yako.

Shangazi